Aliyeingia Bila Hodi

Hapo zamani, mlima ulipokuwa na ukungu mwingi kuliko watu, palikuwa na kijiji kiitwacho Vumbwe, na Vumbwe palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa. Mumewe aliitwa Senkondo. Senkondo alikuwa na tabia moja: akifika mlangoni hupiga mguu chini mara mbili, tapu, tapu, kukung'uta tope, ndipo apige hodi. Nakijwa alizoea kumcheka. "Mume wangu, hodi yako inaanzia miguuni."

Mwaka mmoja migomba ikakauka. Senkondo akateremka nyikani kukata mkonge, akasema atarudi mvua zikirudi. Mvua zikarudi, Senkondo hakurudi. Zikarudi tena, hakurudi. Na mvua ya milimani ina ukatili wake: hata ikikatika, matone mazito huendelea kudondoka kwenye majani ya migomba, tapu, tapu. Kila yakidondoka Nakijwa anainuka. Anafungua mlango. Anaikuta migomba.

Siku moja mvua ilishinda ikinyesha. Tapu, tapu. Nakijwa akaufungua mlango huku anacheka, na safari hii palikuwa na watu kweli. Walikuwa wezi. Wakamvunja mkono, wakaswaga mbuzi wote, na wa mwisho kutoka akamwambia, "Ahsante kwa kutufungulia, shemeji."

Mkono ulipounga, Nakijwa alikwenda barazani kuomba bunduki. Magobori yalikuwepo Vumbwe, lakini yalilala katika nyumba za wanaume tu. Mzee Mfumia, mkuu wa baraza, alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani.

"Nakijwa, silaha ya mwanamke ni mdomo."

"Hewala, mzee wangu. Wezi walipokuja niliutumia. Nilipiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. Mbona wewe hukuja?"

Mzee Mfumia akatazama vidole vyake vya miguu. Ndipo akasimama Mbazi, mdogo wake Senkondo. "Gobori la marehemu baba liko kwangu. Nampa shemeji, na kulitumia nitamfundisha."

Baraza likakubali, likaweka sharti. Asiyebisha hodi ataulizwa "Nani?" mara tatu. Akijibu, ni mgeni, apewe kiti. Asipojibu, ni mwizi, apewe risasi. Wanaume wote wakasema, naam, hiyo ni haki. Yakumbukeni maneno hayo, maana wao waliyasahau upesi sana.

Haukupita muda, akaja mpita njia kutoka nyikani. Akasema kambi ya mkonge iliingiwa na homa, na Senkondo amezikwa huko.

"Nani aliuona mwili?" Nakijwa akauliza. Hakuna aliyeuona.

Lakini Bi Namcharo, mama yake Senkondo, alikuwa amechoka kungoja. "Mwanangu," akamwambia mkwewe, "mimi ndiye niliyemzaa. Niache nilie, nimalize."

"Lia, mama. Ila usimalize."

Bi Namcharo akamaliza. Matanga yakakaliwa, vinyozi wakaitwa. Nakijwa alikataa kunyolewa. Alikaa nyuma ya nyumba na nywele zake, na watu wakamsema.

Sasa sikilizeni mila ya Vumbwe. Mtu aliyekwisha kukaliwa matanga, akirudi hai, hapiti mlango wa mbele wala habishi hodi. Walisema sauti yake itakiamsha kifo, kije kumdai yeye au aliyemo ndani. Huingia kwa mlango wa nyuma, kimya, asitoe neno mpaka mama yake mzazi amnyweshe maji. Hakuna aliyewahi kuona mtu akirudi hivyo, lakini kila mtoto wa Vumbwe aliijua mila hiyo kama anavyolijua jina lake.

Ikawa alasiri moja, mvua imekatika, ukungu umeingia mpaka jikoni. Nakijwa alikuwa anachambua maharage huku anaimba. Akasikia mlango wa nyuma: tapu, tapu.

Moyo ukaruka. Akaukalisha chini. Akajiambia, ni migomba. Kisha kitasa kikanyanyuliwa, na migomba hainyanyui kitasa. Mkono uliowahi kuvunjika ukaanza kumuuma. Akalishika gobori.

"Nani?"

Kimya.

"Nani? Sema jina tu, nakuomba!"

Mlango ukafunguka. Mtu mrefu akasimama kwenye ukungu, uso hauonekani.

"Nani?"

Mtu yule akamnyooshea mikono. Nakijwa akafyatua.

Moshi haujatoka bado, Bi Namcharo akaingia anahema, kibuyu cha maji mkononi, na Mbazi nyuma yake. Bi Namcharo akapiga magoti, akamnywesha maji yule aliyeanguka. Yule aliyeanguka akameza. Neno lake la kwanza nyumbani baada ya miaka yote ile likawa, "Nakijwa."

Hakufa. Risasi ilipita begani. Lakini Vumbwe ilikuwa na sheria: damu ya mwenye nyumba ikimwagika ndani ya nyumba yake, mwenye kosa huvuka mto na harudi tena. Mpaka hukumu itolewe, aliyefyatua haruhusiwi kuingia. Basi Senkondo akalazwa ndani, na Nakijwa akaketi nje, mgongo kwenye ukuta. Alingoja bonde zima limrudishie mume. Sasa ukuta wa udongo, unene wa kiganja kimoja, ndio uliowatenga, na huo ulimshinda kuliko bonde.

Baraza likakaa uani. Wa kwanza kunena alikuwa Mzee Mfumia. "Nilisema mimi! Mwanamke na bunduki!"

"Ulisema fyatua," Nakijwa akamjibu. "Niulize mara tatu, nikauliza mara tatu. Mlinipa sharti, nikalitii kuliko nyinyi mnavyotii wake zenu wakiwaita kula. Nikivuka mto, nimevuka kwa kosa gani? La kutii?"

Kisha sauti ikamshuka. "Lakini nisiwafiche. Nilizisikia nyayo zake. Nilizijua. Ila nilizijua pia siku ya wezi, nikafungua, mkaona kilichonipata. Nimezisikia kila mvua. Mngetaka niamini ipi?"

Bi Namcharo akasema, "Ningengoja kama yeye, mwanangu angepiga hodi. Matanga ndiyo yaliyomfunga mdomo, na matanga niliyataka mimi. Lakini jamani, mama alie mpaka lini? Nilitaka mahali pa kuweka kilio changu nipumzike. Hilo nalo ni kosa?"

Mbazi akasema, "Mimi ndiye niliyekutana naye njiani. Nikamwambia, kaka, tumekukalia matanga. Palepale akafunga mdomo. Nikamwambia asubiri migombani, nikamkimbilia mama alete maji. Nilikimbia nalia kwa furaha. Gobori halikunijia kichwani. Na gobori lenyewe nililitoa mimi. Lakini nisingelitoa, leo mngeniuliza kwa nini sikulitoa."

Hapo ikatoka sauti ya Senkondo ndani ya nyumba, dhaifu, na wote wakageukia ukuta.

"Aliniambia nisubiri. Nikasubiri. Halafu nikamsikia mke wangu anaimba juu ya maharage."

"Homa ilipopita," Mbazi akauliza kupitia ukutani, "kwa nini hukutuma salamu, kaka?"

"Nilihamia shamba la mbali. Niliona aibu kurudi mikono mitupu. Nikasema nitatuma salamu nikipata. Sikupata."

"Ulininyamazia nyikani," Nakijwa akasema, bila kugeuka, "ukaja kuninyamazia mlangoni."

"Mlangoni nilinyamaza kwa ajili yako. Niliogopa nikisema neno, kifo kitakuchukua wewe." Akakohoa. "Kama ni kosa langu, nibebeni mnivushe. Lakini niacheni kwanza nimwone."

Baraza likagawanyika. Wengine wakasema avuke aliyefyatua. Wengine, aliyelia mapema. Wengine, aliyekimbilia maji akasahau baruti. Wengine, aliyenyamaza mara mbili. Hakuna aliyesema wavuke waliotunga sheria mbili zisizojuana, ya kuuliza na ya kunyamaza, kisha wakakaa kuhukumu. Labda nyinyi mtasema.

Ukungu ukashuka, matone yakaanza migombani, tapu, tapu. Nakijwa akaweka kiganja ukutani. Kutoka ndani, pale pale mgongoni pake, udongo ukagongwa mara mbili, polepole. Hakujua kama aamini.

Mto uko palepale, wasikilizaji, na mtu mmoja lazima auvuke. Je, nani alistahili kuvuka?