Kadi ya Semkiwa Imelazwa

Sogea. Sogea tena. Kwanza apa kwamba haya hayatoki hapa. Weka mkono kifuani useme: sisemi, hata nikikabwa. Umeapa? Nami niliapa hivyohivyo kwa Zaina, yule binti wa dirishani hospitalini, nikalamba na udongo, na tazama sasa ulimi wangu unavyowasha. Haya, na nyie mliosimama mlangoni ingieni, siri yenyewe inatosha wote.

Hapo zamani, si zamani ya sungura na fisi, zamani ya juzijuzi tu, hospitali yetu ya Kwemhanga haikuwa na dirisha. Unaumwa, unaingia, unatibiwa. Ukipona unapeleka ulichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo, au maneno matamu. Kisha yakaja mabadiliko. Likaja dirisha lenye nondo. Akaja mganga mfawidhi mpya, mkubwa wa hospitali, mwenye viatu vinavyolia. Ikaja na bima. Kila kaya kadi yake, kadi ina picha ya baba, na kwa mwaka kaya inapasuliwa mara moja tu. Huna kadi? Uza ng'ombe kwanza ndipo ulale kitandani. Hata madaktari wa kupasua hawakai tena. Wanakuja na gari mara mojamoja, jioni hao wanaondoka.

Zaina alikuwa na kawaida ya kuuliza, "Shikamoo babu, mguu unaendeleaje?" Mfawidhi akamkemea mbele ya foleni, "Hapa hatujuani! Hapa tunajua kadi!"

Zaina akalishika neno hilo.

Sasa, palikuwa na mtu akiitwa Semkiwa. Kwa ubahili, huyo angeweza kulamba kijiko cha jirani. Mkewe, Bi Mkunde, ndiye aliyesuka mikeka hadi vidole vikaota sugu, akalipia bima. Jicho lake moja lilikwisha kufungwa na utando, na la pili lilianza kumwonyesha ukungu. Alikuwa anasubiri gari la madaktari kama bibi harusi.

Na palikuwa na Mbelwa, mtani wa Semkiwa tangu enzi za mababu zao. Siku ya kuandikisha bima alicheka hadi akakaa chini. "Nilipie ugonjwa kabla haujaja? Basi nilipie na mvua!" Ngiri ikamsikia. Ikamtoka kubwa kama papai, akawa anatembea kaishika kama mtu anayeficha kuku wa wizi.

Ikafika arobaini ya shangazi yake Semkiwa. Mnawajua watani siku hiyo: mtani anachukua akionacho, mwenyewe anacheka, anakikomboa kwa kuku, mambo yanaisha. Semkiwa akajitapa mbele ya watu wote, "Mtani, chukua utakacho! Leo vyote vyako!" Mbelwa akatungua koti msumarini, akalivaa, akatembea kwa mikogo ya Semkiwa, tukacheka mpaka tukashikana.

Bi Mkunde akanong'ona, "Mume wangu, komboa koti. Toa kuku."

"Kuku mzima kwa koti lililoliwa na panya? Akae nalo!"

Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na nini? Mmeshajua.

Siku gari lilipokuja, Mbelwa kafika wa kwanza, kavaa koti, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi.

"Kadi?" akauliza Zaina.

"Hii hapa."

"Jina?"

"Semkiwa."

Zaina anamjua Mbelwa tangu ananyonya. Akaitazama picha. Mungu anisamehe, picha ile ilikuwa nyeusi kama sufuria ya maharage. Kilichoonekana ni kofia na masikio. Mbelwa kofia alikuwa nayo. Masikio pia alikuwa nayo.

"Hapa hatujuani," Zaina akasema akijiuma midomo, akagonga muhuri.

Wino haujakauka, huyo Semkiwa, kamshika mkewe mkono.

"Zaina mwanangu, kadi yetu imepotea, lakini si unanijua?"

"Shikamoo baba. Hapa hatujuani."

"Mimi Semkiwa!"

"Semkiwa amekwisha kulazwa."

"Amelazwaje na mimi nimesimama?"

"Kadi yako ndiyo iliyolazwa, baba. Wewe umebaki nje."

Foleni ikavunjika kwa kicheko. Mimi nilikwenda kupima presha; ikashuka yenyewe. Hapo nesi anatokea anasukuma kitanda, anaita, "Semkiwa! Semkiwa wa ngiri!"

"Naam!" ikatoka chini ya shuka.

"Naam!" ikatoka dirishani.

Semkiwa akaruka, akafunua shuka. Mbelwa! Gauni la hospitali ndani, koti la Semkiwa juu, kadi kaikumbatia kifuani. Akashuka akimbie, kamba ya gauni ikafunguka, tukaona hata tusivyotumwa kuviona. Akarudi kitandani mwenyewe.

"Mwizi!" akalia Semkiwa. "Utani ni wa koti, si wa utumbo! Kadi ina jina langu!"

"Ulisema chukua utakacho," akajibu Mbelwa, "na hukukomboa. Koti langu, mfuko wa koti langu, kilicho mfukoni changu. Na daktari kasema ngiri hii ikikaza, mwezi ujao hamnioni. Mtani ndiye mchimba kaburi langu. Utaweza, na uvivu huo?"

Bi Mkunde akapapasa hadi akakishika kitanda. "Jina ni la mume wangu, lakini mikeka ni yangu. Angetoa kuku tusingekuwa hapa. Na wewe Mbelwa, kila siku waniita mke wangu. Mume gani anamwibia mkewe jicho?" Watu hoi. Kisha akasema polepole, "Huu ukungu ukifunga, sitauona tena hata ukindu."

Mfawidhi akaja mbio kwa kelele zetu, viatu vikilia, akamgeukia Zaina. "Ulimjua huyu?"

"Sana. Lakini si ulisema hapa hatujuani?"

Viatu vikaacha kulia.

Daktari kasimama mlangoni, glavu mkononi. "Gari linaondoka jioni. Kadi ni moja, inapasua mmoja. Nimwingize nani?"

Mbelwa kashikilia kitanda upande huu. Bi Mkunde kashikilia upande ule. Semkiwa anavuta kadi, Zaina kashika muhuri. Aliyeingizwa namjua. Hilo moja sisemi, maana ndilo nililoapa kweli. Semeni nyinyi mliokwisha kusikia yote: je, nani alistahili kusukumwa ndani?