Ini la Beberu wa Senkondo

Hapo zamani, huko milima ya Upare, Senkondo mrina asali alinuniana na mkewe, Nakiete. Akachukua kamba yake, akasema anakwenda porini bila kula. Nakiete akaziba mlango, upawa mkononi.

"Mume wangu, nuna ukishashiba."

Senkondo akautazama ule upawa. Akakaa. Akala ndizi na maharage hadi sinia likang'aa.

Porini hakuona mzinga. Shimo la kutegea nguruwe nalo aliliona akiwa tayari yumo ndani, mguu umeteguka. Akaita, "Nisaidieni!" Kimya. Jua likazama, likachomoza, likaanza kushuka tena. Njaa ilimtafuna, lakini ajabu, akili ilibaki timamu. Ndipo akamkumbuka mtani wake Mchome, aliyelima ng'ambo ya bonde. Mchome akiitwa kusaidia ni kiziwi; akitukanwa, husikia hata mnong'ono.

"Mchome mla panya! Mchome kichwa kinu!"

Mchome akaja mbio na fimbo. Akachungulia shimoni, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamvuta kwa kamba, akamlisha muwa, akambeba hadi nyumbani.

Wakachinja beberu wa shukrani. Nyama ikagawiwa bila neno. Likabaki ini, likinukia juu ya makaa, na watu wakaanza kutazamana.

Bibi Nambua, mganga, alikuwa akimkanda Senkondo mguu. "Unajua kwa nini hukuzirai?" akamwuliza. "Ulipokula, ini lako lilichota sukari damuni, likaiweka akiba. Uliposhinda na njaa, likairudisha kidogo kidogo. Akiba ilipopungua, likaunda nyingine. Bila hivyo usingepata nguvu ya kumtukana mtu."

Nakiete akadakia, "Basi ini hili ni langu! Akiba niliiweka mimi, kwa upawa."

"Akiba haimtoi mtu shimoni!" akafoka Mchome. "Nani alivuta kamba? Nani alimeza matusi?"

Senkondo mate yalimjaa kinywani. "Ahsanteni, jamani. Ila mke wangu alikuwa nyumbani, mtani wangu shambani. Aliyekesha akinilisha mle shimoni ni ini langu. Na ini langu nalishukuruje, kama si kwa mimi kulila hili?"

Wote wakamgeukia Bibi Nambua.

"Mie sina meno," akasema, akawasukumia kisu.

Haya, wasikilizaji, semeni upesi kabla halijaungua: mwenye upawa, mwenye kamba, au mwenye ini lake tumboni? Je, nani alistahili?