Ziwa Lililonyamaza

Ndugu zangu, leo tutoke kidogo kwenye jua hili, niwapeleke kwenye baridi. Kaskazini mwa Marekani, katika nchi ya maziwa makubwa, kuna wenyeji wa asili wanaoitwa Wapotawatomi. Baridi ya huko si ya kuvalia sweta. Ziwa zima linaganda, na watu wanalivuka kwa miguu kama ninyi mnavyokatiza uwanja wa mpira.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kabila hilo, fundi wa mitambo, aliyekulia mjini. Kiwanda chake kilipofungwa alirudi kwa shangazi yake, aliyeishi kando ya ziwa. Mkewe alikuwa mjamzito, akakaa kwa wazazi wake ng'ambo ya pili, karibu na zahanati. Kuzunguka kwa gari ni saa mbili. Kukatiza kwa miguu juu ya barafu, saa moja tu.

Mtu huyu hakuwa na raha. Akikaa anasimama, akisimama anakwenda dirishani. Na kilichomsumbua zaidi ni ziwa lenyewe. Mwezi wa kwanza, baridi ilipokaza, barafu ilipiga kelele mchana kutwa. Inanguruma kama lori linalopanda mlima, mara inalia kwa sauti nyembamba kama waya unaovutwa, mara inalipuka kama bunduki. Kila ikilia, yeye anashtuka na chai inamwagika. Akamsihi shangazi wahame. Shangazi alikuwa anasuka kikapu, hakuinua hata macho. Alimjibu tu kwamba kila asubuhi wakae nje pamoja wasikilize, kwani marehemu baba wa shangazi aliujua unene wa barafu kwa sikio.

Siku ya kwanza alikaa dakika tano. Siku ya pili akaziba masikio kwa muziki wa simu. Ya tatu hakutoka. Na kila Jumapili alizunguka kwa gari kumwona mkewe, maana nani atakanyaga kitu kinachonguruma?

Mwezi wa tatu, kelele zikakoma. Kwa mara ya kwanza akalala vizuri.

Asubuhi moja simu ikalia: mkewe ameshikwa na uchungu. Akawasha gari, akaambiwa barabara imekatwa na maji ya theluji iliyoyeyuka. Akakimbia hadi kwenye miti ambako shangazi alikuwa akichemsha utomvu mtamu, ule wanaoutengenezea sukari.

"Shangazi, nakatiza ziwani."

Shangazi akaweka upawa chini. "Ziwa limenyamaza, leo siku ya nne."

"Nimesikia. Afadhali limetulia."

Akaondoka kabla mama yule hajafuta mikono.

Alitembea moyo mweupe, hata akapiga mluzi. Hakuna mlio wowote, ila nyayo zake. Karibu na katikati, mguu ukazama kama umekanyaga mkate uliolowa. Mara yumo majini hadi shingoni, na kila ukingo anaoushika unavunjika mkononi. Alimwita mkewe. Alimwita mtoto ambaye hajamwona.

Aliyemfikia ni shangazi, mwanamke wa miaka sabini, aliyekuwa amewaita majirani wawili wakamfuata nyuma; alitambaa kwa tumbo huku wao wameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Alimsogezea mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akamwamuru asipapatike. Wakamtoa. Vidole viwili vya mguu vilikufa kwa baridi. Mwanawe alizaliwa salama, lakini yeye alimwona siku ya sita.

Jioni ile ile ya kuokolewa, kando ya jiko, meno yakigongana, alimwuliza shangazi mbona ziwa halikupasuka lilipokuwa likinguruma, likampasukia lilipotulia.

"Lilikuwa linakua," shangazi alisema. "Barafu inayonenepa inalia. Hii ya leo imeoza ndani, haina nguvu hata ya kulia. Mimi nilikuambia limenyamaza. Wewe ukasikia limetulia."

Sasa sisi, ndugu zangu. Kuna mume hapa ambaye mkewe alikuwa akigomba kila Ijumaa, kwamba pombe itawamaliza. Mwaka huu mama yule hasemi kitu. Na mume anajisifu kijiweni: nyumba yangu siku hizi ina amani. Amani gani? Umemwuliza? Na wewe, mara ya kwanza ulipotoa ushahidi wa uongo hukupata usingizi. Sasa unalala fofofo, unasema Mungu amekuzoea. Na kijito chetu hapo nyuma ya soko, ambako vyura walitukosesha usingizi kila masika? Tangu tuanze kumwaga taka pale, nani amewasikia? Tulisema afadhali.

Tunamwomba Mungu atuondolee kelele. Hilo ni ombi la hatari. Ukifika nyumbani leo, usiwashe redio. Keti na yule aliyenyamaza, umsihi aseme tena, hata kwa ukali. Na akianza kugomba, usikimbie. Piga magoti ushukuru, maana bado una pa kukanyaga.