Mbao za Akiba za Lukangavu

Jumamosi ya kwanza ya Machi 1995, saa nne asubuhi, Bartholomayo Ndunguru alifungua mapipa ya pombe shambani kwake kabla ya mashimo ya ngoro kuchimbwa hata nusu.

Milimani huko, hakuna asiyejua ngoro inavyotengenezwa. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa mistari inayokatana kama nyuzi za wavu. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia. Nyasi zikifukiwa, maji ya mvua hutuama mashimoni na mlima hubaki mahali pake. Zisipofukiwa, ni takataka zinazongoja mkondo. Ndiyo maana katika ngokela, yaani kazi ya kualikana, pombe haifunuliwi mpaka shimo la mwisho lichimbwe.

Bartholomayo aliijua desturi hiyo kama alivyolijua jina la mama yake. Ila alikuwa mgombea udiwani katika uchaguzi mdogo, na kura zilikuwa zipigwe Jumapili ya wiki iliyofuata. Watu wakanywa, wakaimba, majembe yakalala.

Mpinzani wake, Mwalimu Scholastica Kapinga, alipita njia ya juu na kusimama kutazama. Chini ya shamba lile ulipita mto, na juu ya mto lilikaa daraja la magogo, njia pekee ya magari kuingia kijijini Lukangavu.

"Mwalimu, karibu kata ya pombe," Bartholomayo alimwita. "Huku hatusahihishi madaftari, tunafurahi."

"Asante, Baba Glorious. Fukia nyasi zako kwanza."

"Kwani nyasi zina miguu?"

Shamba zima lilicheka. Scholastica aliendelea na safari yake.

Kesho yake, baada ya misa, wagombea wote wawili walisimama mbele ya umati katika uwanja wa shule. Jambo lililowagawa watu lilikuwa limelala palepale, chini ya upenu wa darasa la nne: rundo la mbao nzito na magogo makavu. Scholastica, akiwa mkuu wa kamati ya fedha ya kijiji, alikuwa ameshawishi gawio la ushuru wa kahawa linunue mbao hizo ziwe akiba ya daraja. Shilingi ilikuwa ikishuka thamani kila msimu, mbao hazikushuka.

"Ndugu zangu," Bartholomayo alinguruma, "soko limefunguliwa. Wanunuzi wanagombania kahawa yetu kama kunguru na dagaa. Na sisi tumekaa tunalinda mbao. Mbao zinazaa? Tuziuze, tununue mashine ya kusaga. Daraja ni kazi ya halmashauri, na la zege limeshapangwa."

Vigelegele vilipasua anga. Wanawake wa Lukangavu walibeba mahindi kichwani hadi Litembo ili kusaga. Scholastica mwenyewe aliubeba mzigo huo kila wiki. Shingo yake iliujua. Aliona kura zikimponyoka kama kambare mkononi.

"Mashine naitaka kuliko yeye, maana yeye hajawahi kubeba debe," alisema, na vicheko vichache vikasikika. "Gawio la msimu ujao likija, tuanze na mashine. Lakini mbao hizi zibaki. Daraja lililo kwenye bajeti ya mwakani halivushi gunia la mwaka huu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kinachokuokoa siku ya hatari ni kile ulichokishika, si kile ulichoahidiwa."

Wifi yake, Kunigunda, alimfuata hadi langoni. "Wifi, sema ukweli. Unataka kura zetu au unataka mbao?"

"Vyote viwili."

"Basi utapata mbao."

Jumanne usiku mvua ilishuka kama iliyofunguliwa bomba. Kulipopambazuka, mteremko wa Bartholomayo ulikuwa mtupu. Nyasi zote zisizofukiwa zilikuwa zimeporomoka hadi mtoni, zikasongamana chini ya daraja, zikageuka ukuta. Maji yakapanda, yakasukuma, na daraja likaondoka zima.

Alhamisi malori mawili ya wanunuzi yalifika ng'ambo ya mto. Nyumba nyingi za Lukangavu zilikuwa bado zimefungia kahawa ndani zikingoja bei, na bei waliyoitangaza wanunuzi kutoka ng'ambo haikuwahi kusikika kijijini.

"Tunangoja hadi Jumamosi jioni," alipaza sauti mmoja wao. "Baada ya hapo tunakwenda Mapera. Huko madaraja yapo."

Bartholomayo aliuvuka mto akiwa na baiskeli begani, akakimbilia halmashauri huko Mbinga kuomba daraja la zege. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini si mwoga wa safari.

Aidan, mpiga kampeni wa Scholastica, alisugua viganja. "Mwalimu, hii ni zawadi. Waache wapige magoti kwanza. Mbao tuzitoe Jumatatu, wakishakupigia kura."

"Jumatatu malori yatakuwa Mapera, Aidan. Na mbao si zangu."

Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyemuunga mkono Bartholomayo waziwazi.

"Shikamoo, Mzee Placidi. Naomba kamati iketi leo. Siku ya akiba imefika."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alimsogezea kigoda. "Unajua wakivusha kahawa leo, kesho wanaweza kukusahau?"

"Najua."

Kamati iliketi jioni ileile, na Ijumaa alfajiri ngokela ya kijiji kizima iliteremka mtoni. Magogo yalibebwa kwa nyimbo, misumari ikalia, maji yakiwafika wanaume kifuani. Mtungi wa pombe ulikaa juu ya jiwe ukiwa umefunikwa, na Kunigunda aliulinda akiwa na mwiko mkononi.

Mchana Bartholomayo alitokea ng'ambo, ametapakaa matope. Kazi ilisimama, kila jicho likamgeukia.

"Wamesema mwakani," alisema. "Fedha ikipatikana."

Hakuna aliyecheka. Alivua shati, akaingia majini, akaliweka bega lake chini ya gogo zito kuliko yote.

"Na zile nyasi zilikuwa zangu," aliongeza.

"Tunajua, Baba Glorious," Kunigunda alijibu. "Na pombe tuliinywa sisi. Sukuma."

Jumamosi, jua likiwa bado juu, lori la kwanza lilikanyaga mbao polepole. Mbao zililia, watu wakabana pumzi, tairi za nyuma zikagusa ukingo wa Lukangavu. Shangwe iliyolipuka ilisikika mpaka mlima wa pili. Magunia yakatoka majumbani kama siafu wanaohama, na jioni hapakuwa na nyumba iliyolala na kahawa ndani.

Jumapili watu walipiga kura. Jumatatu asubuhi msimamizi wa uchaguzi alisoma matokeo mbele ya ofisi ya kata: kwa kura chache za ziada, diwani mteule alikuwa Scholastica Kapinga. Bartholomayo alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Kata nzima ilikuwa imeshuhudia kwa macho yake kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.