Siku ya Mwisho ya Harriet

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Chombo hata kiwe kirefu namna gani, atakayetangatanga toka nyuma hadi mbele mwishowe hushuka tumboni mwake, maana hana pengine pa kwenda. Ndivyo alivyo binadamu, na ndivyo yalivyomkuta Roland Bagnall kwenye mfereji wa Staffordshire, Uingereza.

Jumamosi hiyo, siku ya mwisho ya safari ya wiki moja na kaka yake, Roland aliamka kabla ya ndege. Mkoba wake ulikuwa tayari umefungwa, umesimama mlangoni kama mgeni aliyefukuzwa. Treni yake ilikuwa ya saa nane mchana, katika mji wa Stone, na kati yao na Stone yalibaki malango manane, vyumba vya maji vya kushushia boti, kila kimoja na lango la juu na lango la chini. Boti yao Harriet ilikuwa na urefu wa futi sabini, na upana wake haukuzidi urefu wa kitanda. Roland aliitembea yote, akaenda nyuma, akarudi mbele, kikombe cha chai kikipoa mkononi.

"Kaka, hii boti haiwezi kukimbia kidogo?" aliuliza.

Cyril, kaka yake, alikuwa akikaanga mayai. "Hata bata wanatupita, bwana mdogo. Kaa ule."

Hakukaa. Tangu alipokuwa na miaka ishirini hakuwahi kukaa. Aliiacha Harriet, boti ya baba yao, akaenda Kanada, kisha Australia, kisha Hispania. Wake wawili, nyumba hana hata moja. Safari hii alikuja kwa sababu Cyril alimwandikia kwamba goti lake limekwisha, malango yamemshinda, na Jumatatu mnunuzi atakuja kuichukua Harriet. Baada ya hapo Cyril angehamia katika nyumba ya wazee. Jambo moja hakuliandika: lau angekuwapo mtu wa pili botini, pasingekuwa na haja ya kuuza. Wala wiki nzima hakulisema, kwa kuwa kumwomba mtu aliyezoea kuondoka ni kama kumfungulia mlango.

Walishuka malango matatu salama. Mtindo wao ulikuwa mmoja: Roland hushika usukani, Cyril hushuka ukingoni na mpini wa chuma wa kufungulia maji, huchechemea hadi lango la chini, huuzungusha, na maji hutoka taratibu huku boti ikishuka kati ya kuta mbili. Nyuma, chini ya maji, kila lango la juu lina kizingiti cha mawe. Ukutani pamechorwa mstari mweupe, na kila mtoto wa mfereji anajua kwamba tezi ya boti haipaswi kurudi nyuma ya mstari ule.

Katika lango la nne Cyril alimwambia asogee mbele. Roland akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa anatazama saa za treni kwenye simu. Kwa kuharakisha akamtaka kaka yake afungue maji yote kwa mara moja. Boti ikarudi nyuma polepole, kama mtu anayesinzia kitini.

Kisha chuma kikalia. Tezi ilikuwa imekalia kizingiti. Maji yakazidi kushuka, nayo haikushuka. Ikabaki juu, na omo ikainama hadi maji yakaanza kuingia kwa mlango wa mbele. Vikombe vikavunjika, mkoba ukateleza ukazama humo mbele. Roland akang'ang'ania usukani, miguu ikimteleza.

Kutoka huko juu alimwona kaka yake. Cyril hakupiga kelele. Alifunga maji ya lango la chini, kisha akaanza safari ya kwenda lango la juu kuyarudisha. Ilikuwa hatua arobaini. Goti lilimkunja, akaanguka kwenye nyasi, akainuka, akaendelea akivuta mguu kama gunia. Roland alizihesabu zile hatua zote, na hapo ndipo alipojua kaka yake amekuwa akiishi vipi peke yake.

Mungu alijalia, maji yakarudi, na Harriet ikaelea.

Waliifunga ukingoni, wakainua mbao za sakafu. Ngama, lile tumbo la boti, ilijaa maji machafu. Roland akaingia kwa magoti na ndoo, pale pale alipokuwa akitumwa na baba yao utotoni, kwa kuwa yeye ndiye mdogo aliyeweza kupenya. Cyril akakaa juu, kando ya shimo, ameshika taa, kama zamani.

"Siku zile ulikuwa unapita bila kukwaruzika," alisema Cyril.

"Na wewe siku zile ulikuwa unashika taa isiyotetemeka."

Wakacheka kidogo. Kwa mbali treni ya saa nane ikalia, ikapita. Roland alisimama kusikiliza, kisha akachota ndoo nyingine.

"Kaka, mnunuzi anakuja saa ngapi Jumatatu?"

"Saa nne."

"Mwambie asije."

Taa ilitulia mkononi mwake. Roland akaokota mkoba wake uliolowa, akatoa nguo moja moja, akazianika kando ya jiko.

Hakika, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.