Waliomfumbua Macho Mwalimu Somoe

Sogeeni karibu, na mwenye hasira za upesi akae mwisho, maana hadithi hii huwagombanisha watu.

Huko kusini palikuwa na shule ya msingi yenye walimu wanne wa vipawa. Chande alikuwa na jicho: akikaa nyuma ya darasa, halimpiti jambo. Apolonia alikuwa na maswali, na akikuuliza hakuachi mpaka ujibu. Wa tatu, jina lake Sikudhani, alijua kumweka mtu mahali pa mwenzake. Wa nne, Mwalimu Somoe, kipawa chake kilikuwa sauti. Akifundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, katika Darasa la Nne, hata wapita njia walisoma. Akimaliza huuliza, "Tumeelewana?" na darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu." Basi huondoka roho kwatu.

Mtihani ulipokuja, watoto wakaanguka. Somoe akawalaumu kwa uvivu. Mwaka uliofuata wakaanguka tena, na safari hii aliumia sana. Akawaomba wenzake msaada.

Chande alikaa dawati la nyuma kipindi kizima. Hakumwambia amekosea, alimwambia alichokiona tu: walioitika ni wa mbele, wa nyuma walifuata midomo ya wenzao, na mmoja alisema ndiyo kabla swali halijaisha.

Apolonia alimkuta kwenye chai ya saa nne, akamuuliza amejuaje kwamba wameelewa. Somoe akasema, "Si wameitika?" Apolonia akauliza wanaitika kwa kuelewa au kwa adabu. Somoe alinuna, chai ikapoa, na kesho yake swali lilikuwa palepale. Mwisho akakiri kwamba hajui.

Sikudhani hakutazama wala hakuhoji. Alimwalika nyumbani, akampa miyaa ya kusukia mkeka, akamwonyesha kusuka ukili harakaharaka, kisha akauliza, "Umeelewa, mwenzangu?"

"Ndiyo," akajibu Somoe, na mikono yake haikujua hata pa kuanzia. Akaitazama, akalia. Kumbe na yeye aliitika kwa kuogopa kumchosha anayemfundisha, kama watoto wake.

Tangu siku hiyo aliacha kuuliza kama wameelewa. Aliwapa watoto muwa, wakate robo tatu mbele yake na waeleze walivyokata. Akaanza pia kujihoji kila baada ya kipindi. Watoto wakafaulu.

Habari zikafika wilayani, ikaletwa nafasi moja ya kwenda chuoni, apewe aliyemsaidia Somoe, na Somoe mwenyewe amtaje. Wote watatu walikuwa wameililia nafasi hiyo miaka nenda rudi. Somoe aliomba nafasi ziongezwe, akaambiwa hazipo. Akataka wapige kura, Apolonia akasema jasho la mtu halipigiwi kura.

Chande alidai bila jicho lake Somoe asingejua pa kutazama. Apolonia akasema jicho lilileta habari tu, swali ndilo lililomnyima usingizi. Sikudhani akasema kwa upole, "Ninyi mlimwambia. Mimi nilimfanya aone mwenyewe."

Kila mmoja alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyommaliza Somoe nguvu. Chai ya saa nne sasa kila mtu anaipeleka darasani kwake.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Mwalimu mkuu anasubiri jina, na likikosekana nafasi inakwenda shule nyingine. Somoe amesimama mbele yao. Akimtaja mmoja, amewadhulumu wawili. Akinyamaza, amewadhulumu wote. Na akikwama, watu aliozoea kuwakimbilia ni hao hao watatu, nao leo hawezi kuwauliza.

Haya, nyinyi mliokaa hapa hamna undugu nao. Je, wewe ungesimama pale, ungemtaja nani?