Mbwa Aliyebebwa Kapuni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji cha wawindaji. Humo aliishi Bibi Nachenga, mfugaji wa mbwa wa kuwinda. Alimjua kila mbwa, na mama yake, na bibi yake.

Mbwa wake mmoja jike alikuwa na pua jamani! Alimnusa digidigi aliyepita juzi. Alipozaa, mwindaji Namkoto akapewa mtoto, akamwita Sultani. Lakini Namkoto akaogopa ile pua ya kurithi isije ikaisha kwa kutumiwa. Akambeba Sultani kapuni. Asubuhi kapuni. Jioni kapuni.

"Mwanangu, mshushe," akasema Bibi Nachenga. "Mburuzie ngozi ya mnyama chini, umfundishe kufuata harufu."

"Bibi, huyu damu yake inajua."

Jirani yake, Chilumba, aliokota mbwa jalalani, akamwita Hivyohivyo. Kila siku akamburuzia ngozi, kwaru, kwaru, kwaru. Akamfundisha kufuata harufu moja na kuziacha nyingine.

Asubuhi moja baba yake Namkoto, mzee aliyekwisha kusahau njia, akapotelea porini. Namkoto akalia mbele za watu bila haya. Akamnusisha Sultani shuka la baba, akamtua chini. Fu, fu, fu! Sultani akanusa panya. Akanusa mavi ya tembo. Akanusa miguu ya mashemeji. Akazunguka, akazunguka, akaketi.

"Mbona hivi?" akauliza Namkoto.

Akanusishwa Hivyohivyo. Fu! Huyooo, moja kwa moja, watu mbio nyuma yake. Akafika kijitoni. Maji. Pua ikagoma. Akasimama analia.

Hapo watu wakachanganyikiwa kabisa. Mwenye pua hajui kazi, na mwenye kujua kazi pua haimtoshi! Sasa mzee atapatikanaje?

Bibi Nachenga akafika anatweta. "Mleteni Sultani. Mwacheni amfuate mwenzake."

Hivyohivyo akavuka, akapekua ukingo, pua chini. Sultani nyuma, pua chini, anamwiga. Fu... fu... Mara Sultani akashtuka, kanasa harufu. Wote wawili vichakani, chakacha, chakacha!

Mzee akakutwa ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, mguu umeteguka, yu hai.

"Damu hiyo!" akapiga kelele Namkoto.

"Mafunzo hayo!" akajibu Chilumba.

Wakamgeukia Bibi Nachenga. Akajikuna kichwa. "Pua mbwa huzaliwa nayo. Kazi hufundishwa. Lakini mpaka kati ya hivyo viwili uko wapi, wanangu, nimefuga mpaka nimezeeka sijauona."

Namkoto akamuuliza baba yake, "Baba, yupi alifika kwanza?"

"Sikuona," akasema mzee. "Nilikuwa nimefumba macho, nangoja kufa. Nikasikia ulimi huku, na ulimi huku."

Namkoto akamwinua baba yake upande huu. Chilumba naye akamshika upande huu.

Basi, wenzangu, aliyezaa mwenye kipaji amfundishe, na aliyeokota wa jalalani amfundishe vilevile. Mengine msiniulize, hata mimi yamenichanganya. Ngano yangu naitua hapa; mwenye nguvu aibebe.